Fimbo Inayoliwa ili Tangi Lisiliwe

Ndani ya hita ya maji ya umeme, lile tangi jeupe linalofungwa ukutani bafuni au kufichwa juu ya dari, kuna kifaa kimoja ambacho kazi yake ni kuliwa na kutu. Ni fimbo ya magnesiamu, nene kama kidole gumba, iliyochomekwa karibu na elementi, yaani koili inayopasha maji. Haipashi maji wala haipimi joto, na hita itaendelea kuchemsha vizuri hata siku ambayo fimbo imekwisha. Ndiyo maana karibu hakuna anayeiulizia. Fundi huitwa, hubadilisha elementi, hujaribu themostati, hufunga kifuniko na kuondoka, fimbo ikiwa imebaki waya mtupu. Muda si mrefu tangi lenyewe linatoboka, mwenye nyumba anaambiwa hita za siku hizi hazidumu, naye anakwenda dukani kununua nyingine. Hilo linaniuma, kwa sababu fimbo ni sehemu ndogo sana ya bei ya hita na kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja.

Tangi la ndani la hita nyingi za kawaida, zile za lita 50, 80 au 100, ni la chuma kinachoshika kutu. Kinachokikinga ni enameli, utando wa kioo uliookwa juu ya chuma, uleule wa vikombe na mabakuli ya zamani yenye ukingo wa buluu. Aliyekulia na kikombe cha aina hiyo anajua tabia yake: kinakaa miaka bila kutu mpaka kianguke na kumeguka, na pale kilipomeguka ndipo kutu huanzia. Tangi nalo lina dosari zake tangu kiwandani, vitundu visivyoonekana kwa macho, hasa kwenye mishono ya kulehemu na pale mabomba yanapoingilia. Maji yakifika kwenye chuma hapo, chuma huanza kuliwa. Lakini magnesiamu huachia elektroni zake kwa urahisi kuliko chuma. Vikiwa ndani ya maji yaleyale na vimegusana, magnesiamu ndiyo inayoyeyuka na chuma hubaki kama kilivyo.

Watu wa bandarini hawahitaji kuelezwa hili. Meli na boti za chuma hufungiwa vipande vya zinki chini ya maji, karibu na pangaboi na usukani, na zikipandishwa chelezoni vipande hivyo hukaguliwa na kubadilishwa. Wazo ni la zamani: mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliwaonyesha wakuu wa jeshi la majini la nchi yake kwamba mabati ya shaba yaliyofunika merikebu yangeweza kukingwa kwa vipande vya chuma au zinki. Shaba ikapona kweli, ila mwani na viumbe wa baharini wakaanza kuiganda, kwa kuwa shaba isiyoliwa haitoi tena sumu ya kuwafukuza. Kwenye hita hatuna tatizo hilo. Hapo fimbo ina adui mmoja tu, nayo ni maji ya mahali ulipo.

Maji ya kwenu yakoje

Kitabu cha maelekezo kinachokuja na hita husema fimbo ikaguliwe kila mwaka, au kila baada ya miaka miwili. Hiyo ni kwa maji ya wastani, na maji yetu si ya wastani. Jijini Dar es Salaam, nyumba inayopata maji ya bomba kutoka Mto Ruvu na nyumba ya jirani inayotumia kisima kirefu chenye chumvi haziwezi kuwa na ratiba moja. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi zaidi, na fimbo huisha haraka. Unguja, maji ya visima hupita kwenye mawe ya matumbawe na hubeba chokaa. Dodoma, ambako maji mengi ni ya visima vya Makutupora, ukoko mweupe ndani ya birika unajulikana kila nyumba. Arusha mambo yako tofauti kidogo: maji mengi ya ukanda ule yana magadi na floridi lakini chokaa kidogo, kwa hiyo elementi inaweza kutoka safi huku fimbo imekwisha. Asiyejua hilo hutazama elementi inayong'aa, akaridhika, akafunga.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Tazama birika la umeme au sufuria ya chai. Ukoko mweupe na mgumu unaorudi kila baada ya wiki chache ni dalili ya chokaa. Sabuni ya kipande isiyotaka kutoa povu ni dalili ileile. Maji yakiwa na ladha ya chumvi mdomoni, fimbo iko hatarini. Hita mpya kwenye maji ya kisima ifunguliwe baada ya miezi 6. Kilichobaki cha fimbo ndicho kitakachokupa ratiba: ikiwa imeliwa robo, kagua kila mwaka, ikiwa imeliwa nusu, kila miezi 6.

Kuifungua

Anza na umeme, na usiamini swichi ya ukutani peke yake. Zima breka ya hita kwenye boksi kuu, kisha ukifungua kifuniko cha chini jaribu vituo vya waya kwa tesita au mita. Kuna nyumba ambazo swichi imefungwa kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, na laini, waya unaouleta, ikabaki hai hata taa ndogo ya hita ikiwa imezimika.

Fungua koki ya maji moto mpaka yatoke ya baridi au vuguvugu, kisha funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita. Hapa wengi hukwama: wanafungua bomba la moto wakisubiri tangi litoke maji, na halitoki. Sababu iko kwenye umbo. Maji baridi huingia kwa chini, na maji moto huchukuliwa juu kabisa na mrija mrefu ulio ndani ya tangi. Ili tangi litoe maji, lazima yatoke kwa njia ya baridi huku hewa ikiingia kwa njia ya moto. Kwa hiyo acha koki ya moto wazi, funga mpira wa maji kwenye mdomo wa valvu ya usalama iliyo kwenye bomba la maji baridi, na unyanyue kijiti chake. Tundu la valvu ni dogo, hivyo lita 80 zinaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Mwenye haraka hufungua nati ya bomba la baridi na kukinga ndoo, lakini awe na ndoo za kutosha.

Piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Vuta themostati, ambayo mara nyingi ni fimbo nyembamba iliyochomekwa tu, kisha legeza nati za flanji, bati la chini linaloshika elementi, kwa spana, kwa kawaida namba 10 au 13. Zilegeze kwa kupishana, moja huku na nyingine upande wa pili, na ya mwisho uiache imeshika kidogo. Tangi lililotolewa maji kwa valvu bado lina lita kadhaa chini, na zitashuka zote pamoja na mashapo. Ndoo iwe tayari chini yake.

Elementi itatoka na fimbo yake, kwa sababu kwenye hita nyingi vyote viwili viko kwenye flanji moja. Fimbo nzima ni nyororo au ina vishimo vidogo. Fimbo inayofanya kazi huonekana kama muhogo ulioguguniwa, haina umbo, na ina unga mweupe juu yake. Hilo ni jema. Ikiwa imebaki chini ya nusu ya unene wake, au waya wa katikati umeanza kuonekana popote, badilisha. Usisubiri imalizike, kwani kutoka hali hiyo hadi waya mtupu ni muda mfupi, na hutafungua tena kesho.

Unapokwenda dukani beba fimbo ya zamani. Pima vitu vitatu: urefu, kipenyo, na uzi wa skrubu, ambao mara nyingi ni M5, M6 au M8. Fimbo ndefu kuliko nafasi itagusa elementi au tangi. Nyembamba si kosa, ila itaisha mapema. Ifungwe chuma kwa chuma, bila thredi tepu kwenye uzi wake unaoingia kwenye flanji, kwa sababu bila kugusana hakuna ulinzi. Ukiwa na mita, pima kati ya fimbo na bati la flanji: usomaji wa omu uwe karibu na sifuri, isipokuwa kwa hita chache ambazo kiwanda kimeweka kizuizi kidogo hapo kwa makusudi.

Ukoko

Chokaa ina tabia ya ajabu: sukari na chumvi huyeyuka zaidi maji yakipata moto, chokaa hufanya kinyume. Maji yanayopashwa hupoteza gesi ya kaboni dioksaidi iliyokuwa ikiishikilia chokaa, nayo hujitenga na kuganda pale penye joto kali kuliko pote, yaani juu ya elementi. Ukoko haupotezi joto, maana umeme wote ulioingia bado unaishia ndani ya maji. Tatizo ni kwamba elementi iliyovikwa koti la chokaa hushindwa kutoa joto lake kwa wakati, ikawaka kupita kiasi, ikapasuka. Ile ngurumo ya hita inayosikika usiku, kama sufuria ya maharage iliyofunikwa, ni mvuke unaonaswa chini ya ukoko na mashapo.

Usiukwangue kwa kisu. Ganda la elementi ni la shaba au chuma chembamba, na mkwaruzo mmoja ni mwanzo wa tundu. Chukua asidi ya sitriki ya unga, inayotumika kutia uchachu kwenye juisi na achari, gramu 50 kwa kila lita ya maji vuguvugu, na uloweke elementi saa moja au mbili. Povu likikoma na ukoko ukabaki, asidi imekwisha nguvu, ongeza. Kuyeyusha gramu 100 za chokaa kunahitaji takriban gramu 130 za unga huo, kwa hiyo elementi iliyonenepa sana haitaisha kwa kijiko kimoja. Maji yasiwe ya kuchemka, maana kwenye joto kali sitriki na chokaa huungana zikafanya unga mwingine mweupe usioyeyuka kirahisi. Siki nyeupe ya jikoni nayo inafaa, ila ni ya polepole. Maji ya betri na asidi ya kusafishia vyoo haviruhusiwi hapa kabisa: hula shaba, na vikibaki ndani hula tangi. Wala usichanganye asidi yoyote na jiki, kwani hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo.

Fimbo ya magnesiamu iondolewe kabla ya kuloweka, la sivyo asidi itaila ndani ya saa moja. Mashapo yaliyobaki ndani ya tangi yatolewe kwa mkono na kijiko cha plastiki, kisha ufungue maji baridi kidogo yasukume vilivyobaki. Chuma kisiingie ndani. Enameli ikimeguka haizibiki.

Gasketi weka mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Mpira uliokaa miaka miwili kwenye joto umeshachukua umbo la mahali pake na hautarudi vilevile. Kaza nati kwa kupishana tena. Kisha, na hili lishikwe kuliko yote, jaza maji kabla ya kuwasha umeme. Fungua koki ya moto, fungua maji ya baridi, subiri mpaka bomba liache kutema hewa na maji yatiririke mfululizo. Elementi ikiwashwa ikiwa kavu hufa kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kushuka ngazi. Baada ya nusu saa ya kuchemsha, tazama flanji kwa tochi kama inalia machozi.

Valvu inayodondosha

Valvu ya usalama, ile ya shaba njano kwenye bomba la maji baridi, ndiyo inayolaumiwa bila kosa. Hudondosha maji hita inapochemsha, watu wakadhani imeharibika. Maji ya lita 80 yakitoka nyuzi 25 hadi nyuzi 65 hupanuka kwa takriban lita 1.3. Kiasi hicho lazima kiende mahali. Ndani ya valvu kuna kizuizi kinachoyakataza yasirudi kwenye simtanki, kwa hiyo presha hupanda mpaka valvu inafunguka, nyingi zikiwa zimeandikwa presha ya baa 8, na maji yanadondoka. Hiyo ni afya. Valvu isiyodondosha kamwe ndiyo ya kutiliwa shaka. Inayodondosha saa zote, hata hita ikiwa imezimwa na baridi, ina mchanga kwenye kiti chake au imechoka. Nyanyua kijiti mara kadhaa maji yasukume uchafu, na isipopona nunua nyingine.

Kinachotisha ni dawa za mitaani: mdomo wa valvu huzibwa kwa plagi, au valvu huondolewa na bomba kuungwa moja kwa moja. Kuziba ni kutengeneza bomu. Themostati ikikwama na kikata joto kikashindwa, maji chini ya presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kwenye baa 8 yanaweza kufika nyuzi 170 na kitu. Tangi likipasuka hapo, sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji. Kuondoa valvu nako kuna gharama, hasa kwetu tunaoishi na mgao wa maji. Simtanki ikiisha na mtu akafungua bomba la nje lililo chini, maji ya hita hunyonywa kurudi nyuma kwa njia ya baridi, elementi inabaki juu ya hewa, na umeme bado umewaka. Elementi nyingi huungua kwa njia hii, kisha kampuni ya umeme ikalaumiwa.

Nyanyua kijiti cha valvu mara moja kwa mwezi, maji yatoke kidogo. Chokaa isipovurugwa huigandisha, na valvu iliyoganda ni sawa na iliyozibwa. Mdomo wake uelekezwe kwenye mfereji kwa mrija mdogo unaoshuka, mahali asiposimama mtu.

Joto na umeme

Weka themostati kwenye nyuzi 60. Walio wengi huishusha hadi 40 kwa kuhurumia Luku, lakini maji vuguvugu yanayokaa ni makazi ya bakteria wa Lejonela, waliotambuliwa baada ya mlipuko wa ugonjwa wa mapafu Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Kwenye nyuzi 60 walio wengi hufa kwa dakika chache. Upande wa pili, nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, kwa hiyo penye watoto na wazee koki ya kuchanganyia ni ya lazima. Kupandisha hadi 75 hakuna faida: juu ya 60 ukoko huongezeka kwa kasi.

Hesabu ya umeme iko wazi. Kupandisha lita 80 kwa nyuzi 40 kunahitaji yuniti 3.7 hivi, elementi ya wati 1,500 itachukua saa mbili na nusu, ya wati 2,000 chini ya saa mbili. Zote mbili hula umeme uleule. Kinachookoa yuniti ni kuzima baada ya kuoga na kupunguza maji yanayotumika.

Elementi ya wati 2,000 huvuta ampea karibu 9, ya 3,000 ampea 13. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye breka yake peke yake ndio kiwango cha chini, usichangiwe na soketi. Na ethi iwepo kweli, ipimwe, isiwe waya wa kijani unaoishia hewani ndani ya ukuta. Ukihisi shoti ndogo ukigusa bomba, zima mara moja: elementi imetoboka na maji yanabeba umeme. Kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme unapovuja, kingekuwa kimeshazima. Kibonyeze kitufe chake cha kujaribu kila mwezi. Elementi nzima ya wati 2,000 ikipimwa kwa mita husoma omu 26 hivi, ya 1,500 omu 35. Ikisoma vizuri lakini kikata umeme bado kinaruka, kosa liko kati ya elementi na ganda lake, na hapo inahitajika mita ya kupima insulesheni.

Kitufe kidogo chekundu cha kikata joto kikiruka, kibonyeze mara moja tu. Kikiruka tena, themostati imekwama. Usiunge waya wa kukikwepa.

Maji ya moto yakinuka yai bovu, ya baridi yakiwa safi, ni bakteria wanaotumia salfeti ya kisimani, na magnesiamu huwasaidia. Usitupe fimbo ukafunga bila kitu. Pandisha joto hadi 70 kwa saa kadhaa, toa maji yote, na ukiona harufu imerudi weka fimbo ya alumini yenye zinki. Hita iliyokaa wiki mbili bila kutumika huwa na haidrojeni kidogo juu ya tangi, itokayo kwenye fimbo. Fungua bomba dakika chache dirisha likiwa wazi, bila sigara wala kiberiti.

Hita za jua za mirija ya kioo nazo nyingi zina fimbo hiyohiyo, kwenye ncha ya tangi, nayo husahaulika zaidi kwa kuwa iko juu ya paa. Zihudumie alfajiri. Mirija iliyokaa tupu juani hadi saa sita mchana ikimiminiwa maji baridi hupasuka.

Na ikivuja, tazama inavujia wapi kabla ya kukata tamaa. Kwenye flanji, ni gasketi. Kwenye valvu, umeshasoma. Lakini maji yakichuruzika kutoka ndani ya ganda la nje, pale povu la kuhifadhi joto lilipo, tangi limetoboka, na kulehemu hakusaidii kwa sababu moto wa kulehemu huivunja enameli pande zote za tundu. Hita mpya ikifungwa, chukua kalamu ya wino usiofutika, andika ndani ya kifuniko cha chini tarehe, uzi wa fimbo na urefu wake, na siku utakayoifungua tena. Fundi atakayekuja, hata asiyejua fimbo ni nini, atauliza.